Namna ya Kumtafuta Babu Aliyekwenda Vitani Asirudi: Mwongozo Kamili kwa Familia za Mombasa

Kila baada ya miezi michache napata ujumbe ule ule. "Babu yetu aliingia Keya, akapelekwa Bama, hakurudi. Tumemtafuta kwenye intaneti hatukumpata. Tufanyeje?" Keya ni jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na Bama ni Burma, Myanmar ya leo. Nikiuliza walimtafuta vipi, jibu huwa moja: waliandika jina lake kama linavyotamkwa nyumbani, wakabonyeza, hapakutokea kitu, wakazima simu.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kisauni, Likoni, Majengo au Mji wa Kale mwenye simu, subira na siku moja moja za mapumziko. Historia ya vita viwili vya dunia sitaisimulia. Ila jambo moja ulishike toka sasa: unayemtafuta aliandikwa na karani asiyejua lugha yake. Kazi yako, karibu yote, ni kugundua karani yule aliandika nini.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari la jalada gumu na penseli mbili. Karatasi za kuchanwa hupotea.
- Simu yenye kamera inayosoma maandishi madogo.
- Barua pepe unayoifungua kila wiki. Majibu huchukua miezi, na watu wameyakosa kwa kusahau nywila.
- Kitambulisho chako, pamoja na nakala za vyeti vinavyokuunganisha naye: vya kuzaliwa, vya ndoa, vya kifo.
- Bahasha za karatasi za kuwekea nyaraka kuukuu. Usitumie mifuko ya plastiki. Kwa joto la hapa kwetu plastiki hutoa jasho ndani na karatasi ikaota ukungu.
- Mzee mkongwe kuliko wote katika ukoo wenu. Hiki ndicho kifaa kinachoisha mapema kuliko vyote, basi anza nacho.

Fedha ni za nauli na ada ndogo ndogo. Akitokea mtu akakuomba elfu kadhaa "za kusajili fidia ya Keya", mwambie asante na umfungie mlango. Kutafuta jina katika orodha nitakazozitaja hakulipiwi, na jina likipatikana halileti hundi.

## Hatua ya 1: Kaa na mzee, usimuulize mwaka

Nilikwenda kwa bibi mmoja wa Kibokoni kuuliza habari za kaka yake. Baada ya shikamoo na kahawa nikarukia swali: alikwenda mwaka gani? Akanitazama. "Mimi nitajuaje miaka ya wazungu, mwanangu?" Nikanyamaza, aibu imenishika. Mwenyewe akaendelea. Kaka yake alipoondoka yeye alikuwa hajaanza kuvaa buibui. Alirudi likizo mara moja tu, akaja na blangeti la kijivu, na mama yao akalikata nusu akamfunikia mtoto mchanga aliyekuwa nyumbani.

Mtoto yule yu hai. Kitambulisho chake kinasema 1943.

Basi nusu ya blangeti ikatupa mwaka. Ndugu yao alikuwa hai mwaka 1943, kwa hivyo hakufa Abisinia (Ethiopia ya leo) wala katika vita vya kwanza. Uliza namna hiyo: nani alizaliwa, nani aliolewa, nyumba ilikuwa ya makuti au ya mabati, alileta nini mkononi.

Halafu sikiliza majina ya mahali, kwa maana kila jina lina miaka yake:

- Taveta, Maktau, Mbuyuni, "kwa Mjarumani", au habari za kubeba mizigo: vita vya 1914 hadi 1918.
- Abisinia, "kwa Mtaliano": 1940 na 1941.
- Bukini, yaani Madagaska: 1942.
- Bama au Bara Hindi: 1943 hadi 1945.

Ukisikia "alizama na meli", tega sikio. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini mapema Februari 1944 kuelekea Colombo. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Familia kadhaa zimekuwa zikitafuta kaburi kumbe mtu wao alibaki baharini.

Tahadhari: usimtilie mzee maneno mdomoni. Ukimwambia "Bama, sivyo?", atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Wazee wawili wakipingana, andika kauli zote mbili na jina la aliyesema kila moja. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti.

Umefaulu ukiwa na vitu vitatu: ni vita gani, kipindi kisichozidi miaka mitatu, na jina la baba yake. Hilo la baba usiondoke bila kulipata.

## Hatua ya 2: Liandike jina kwa kila sura

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hivyo tutakaa.

Karani wa jeshi aliandika alichosikia. Pengine alikuwa Mwingereza, pengine Mwafrika wa bara asiyezoea majina ya pwani. Jina moja likatoka na sura tano. Khamis akawa Hamis, Hamisi, Amisi, Kamis. Athumani akawa Othman, Uthman, Asumani, Asmani. Mbarak akawa Mubarak, Embarak, hata Baraka. Kwa ndugu zetu Wamijikenda, r na l zilibadilishana viti: Karisa akawa Kalisa, Charo akawa Chalo. Majina yanayoanza na Mw- yalivunjwa: Mwinyi likawa Muinyi au Winyi.

Kuna na mpangilio. Jeshi lilitaka jina la ukoo, nasi tulikuwa na jina la mtu na la baba yake. Mara nyingi waliandika jina la kwanza, halafu herufi s/o zenye maana ya "mwana wa", halafu jina la baba. Huko kwenye orodha, jina la baba ndilo limekaa mahali pa ukoo. Wengine waliandikwa jina moja tu, basi.

Ongeza na hila ya wenyewe. Wako waliojiandikisha kwa jina la rafiki, waliojiongezea umri, na waliotoroka nyumbani wakaficha jina la baba wasifuatwe. Waulize wazee lakabu yake ya mtaani.

Mimi nilimtafuta ndugu yake bibi yangu kwa miaka miwili. Niliandika Othman kwa herufi safi kabisa kama tulivyofundishwa chuoni, nikiamini Uislamu wake utamlinda na makosa ya karani. Siku niliyochoka nikaandika Asmani, kwa hasira tu. Alitokea yeye, na jina la baba yake pembeni limekosewa herufi moja.

Chora safu tatu katika daftari: jina lake, jina la baba, na jina lolote lingine la lakabu, kijiji au kabila. Soma kila jina kwa sauti kama mgeni, andika unachosikia. Mpe na mtoto wa darasa la tatu aandike bila kuonyeshwa. Watoto hukosea vizuri.

Umefaulu ukiwa na ukurasa wenye sura ishirini au zaidi. Chini ya hapo, rudia.

## Hatua ya 3: Tafuta kikosi

Nyumbani kila askari ni "Keya", lakini wengi waliokwenda Bama hawakuwa Keya hata kidogo. Walikuwa madereva, wapishi, wauguzi, mafundi, wachimba barabara. Kama mlisikia alikuwa dereva, tafuta East African Army Service Corps. Kama alikuwa hospitalini, East African Army Medical Corps. Kama alikuwa akichimba na kujenga, Pioneer Corps. Mizinga ni East African Artillery. Keya yenyewe ni King's African Rifles, na batalioni zake za Kenya kwa asili ni ya 3 na ya 5. Ya 6 ni ya Tanganyika, na vijana wa Vanga na Lunga Lunga waliweza kuandikiwa upande wowote wa mpaka. Baharia wa vita wa Mombasa alikuwa katika kikosi cha wanamaji wa akiba wa Kenya, kilichoundwa hapa mwaka 1933, na orodha yake ni nyingine.

Fungua sanduku la bati. Unachotafuta ni medali, picha, barua, kipande chochote chenye namba. Namba ya askari ina thamani kuliko jina, kwani hiyo karani hakuisikia, aliinakili.

Medali za vita vya kwanza zilichorwa jina na namba kwenye ukingo wake mwembamba. Igeuze upande, tumia mwanga wa simu kwa mshazari, utaziona. Medali za Uingereza za vita vya pili kwa kawaida hazina jina, kwa hivyo ukingo mtupu usikutie shaka. Nakuomba usiisugue kwa ndimu na majivu kama sinia ya shaba. Nimeona ukingo uliong'arishwa kwa ajili ya harusi mpaka namba ikafutika.

Picha: ipige picha kofia na beji ya begani kwa karibu, uzihifadhi. Usibandue picha kuukuu kwenye fremu yake. Ikiwa imegandia kioo, itaacha uso kwenye kioo.

## Hatua ya 4: Pekua orodha ya makaburi ya vita

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayojulikana kwa herufi CWGC, iliundwa mwaka 1917 na inatunza majina ya waliokufa katika vita vyote viwili. Tovuti yake ni ya bure. Anza hivi.

Kwanza, chagua vita. Pili, weka jina la baba mahali pa ukoo, uache kila kitu kingine wazi. Tatu, pitia sura zote ishirini, moja moja, ukiweka alama ya penseli kwa kila iliyokwisha. Usiruke. Nne, geuza: weka jina lake mwenyewe mahali pa ukoo.

Ikishindikana, acha majina uingie kwa mlango wa mahali. Chagua kumbukumbu, yaani mnara wenye majina, na kikosi, kisha usome orodha kwa macho. Waliokufa Bama bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye nguzo za Kumbukumbu ya Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, majina karibu 27,000. Usisome yote, chuja kwa kikosi kwanza. Kumbukumbu ya Afrika Mashariki iko Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, na majina yake ni machache kuliko ya Rangoon: ya waliopotea Somalia, Ethiopia, Bukini na baharini. Hiyo unaweza kuisoma yote. Kwa hapa kwetu kuna makaburi ya Mbaraki, na ukipanda juu kuna Voi na Taveta.

Soma maelezo ya ziada chini ya kila jina. Wakati mwingine yanataja baba, mke au wilaya, na hapo ndipo unapomtenga babu yako na wengine watano wenye jina kama lake.

Umefaulu ikiwa mambo matatu yanakubaliana: jina la baba, kikosi, na tarehe inayoingia ndani ya kipindi cha mzee. Mawili bado ni dhana. Liandike kwa penseli, uendelee.

### Ikiwa babu alikuwa mpagazi wa 1914 hadi 1918

Hapa lazima niseme ukweli mchungu kabla hujamaliza vifurushi vya intaneti. Wapagazi, wale wa kariakoo (Carrier Corps) walioachia masoko jina, kwa sehemu kubwa hawakuandikwa kabisa. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Ile sanamu ya askari hapo Jomo Kenyatta Avenue, tunayoipita ndani ya matatu, ilisimamishwa kwa ajili ya watu hao wote kwa jumla.

Kwa hivyo ukimkosa kwenye orodha, usihitimishe kwamba hakwenda. Ruka moja kwa moja hatua ya 5.

## Hatua ya 5: Nyaraka

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Panda treni, ulale kwa jamaa, ujipe siku mbili. Siku ya kwanza huisha kwenye kujiandikisha na kujifunza kuomba faili.

Usiombe "faili la babu yangu", halipo. Omba kwa herufi za ofisi iliyoandika: PC/COAST kwa mkoa, DC/MSA kwa Mombasa, DC/KFI kwa Kilifi, DC/LAM kwa Lamu, DC/TTA kwa Taita. Ndani yake tafuta barua za kuandikisha wapagazi, za mishahara isiyochukuliwa na za kutafuta warithi. Mshahara wa marehemu ulizua barua nyingi kuliko kifo chake, na ndani ya barua hizo mna kijiji, chifu na jina la baba.

Hapa Mombasa usisahau Mahakama ya Kadhi. Kama ndugu waligawana shamba au nyumba huku mwenzao hajulikani aliko, yumkini kuna faili la mirathi linalosema alionekana mara ya mwisho lini. Nenda na jina la shamba na la waliorithi, si la babu peke yake.

Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza, kuna kumbukumbu za kila siku za vikosi: WO 172 ni za Bama, WO 169 zina za Afrika Mashariki, na CO 534 ni barua za Keya za zamani. Askari wa kawaida hutajwa kwa idadi zaidi kuliko kwa jina. Zina faida ukishajua kikosi na siku ya kifo, kujua walikuwa wapi siku hiyo. Kabla ya hapo ni kupoteza nauli ya mtu.

Tahadhari itokanayo na yaliyonikuta: usikabidhi karatasi ya asili kwa ofisi yoyote, hata kwa muhuri na tabasamu. Niliacha barua moja dirishani "itolewe nakala", niliporudi aliyeipokea alikuwa amehamishwa na dirisha halikuijua. Simama hapo hapo, inakiliwe mbele ya macho yako, uondoke nayo.

## Kabla hujalipia DNA

Wengi huniuliza: DNA haiwezi kumpata? Swali hili linaletwa na habari za Wamarekani wanaotambua mabaki ya askari wao. Ni kweli, wanafanya kazi ya ajabu. Bado wana zaidi ya watu 80,000 wasiojulikana waliko, kuanzia vita vya pili hadi vita vya baadaye, na wana maabara Hawaii na Nebraska. Meli yao ya Oklahoma ilizama Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941; mwaka 2015 walifukua mabaki yaliyozikwa pamoja bila majina, na kufikia 2021 walikuwa wamewatambua watu 361.

Lakini tazama walichokuwa nacho. Walijua ni meli gani, nani alikuwa ndani, na mifupa ilizikwa wapi. DNA hulinganisha vitu viwili, haiendi kutafuta. Bila mabaki ya upande wa pili, mate yako ndani ya chupa ya kampuni yatakuonyesha binamu wa Oman au Malawi, na babu abaki alipo. Tume ya makaburi nayo haifukui makaburi ili kupima.

Jambo moja la maana, kama siku moja mtaitwa kutoa sampuli: DNA ya upande wa mama hupita kwa wanawake. Watoto wa babu hawakuirithi kwake. Wanaoibeba ni dada zake na watoto wa dada zake, na kuendelea chini kwa mabinti. Ya upande wa baba hupita kwa wana wa kiume tu. Andika sasa katika daftari nani yu hai katika mistari hiyo miwili, na wanaishi wapi.

Na ukipanda Salaita au Maktau kutembea uwanja wa vita, usichimbe. Kuna risasi kuukuu, na mfupa ukishatolewa mahali pake umepoteza nusu ya ushahidi. Ukiuona, piga picha bila kuugusa, uweke alama ya mahali kwenye simu, uwaarifu polisi na Makumbusho ya Taifa.

## Hatua ya 6: Liombee jina lake nafasi

Kama una ushahidi wa kifo na hayumo kwenye orodha, unaweza kuiandikia CWGC kupitia tovuti yao. Tume, pamoja na jeshi la Kenya, imekuwa ikipitia kumbukumbu za zamani za askari zilizobaki nchini, kwa hivyo barua yako haiendi kwenye kisima kikavu.

Jua masharti kwanza. Awe alikuwa katika jeshi au vikosi vya kazi vya jeshi, na awe alikufa kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyekufa akiwa bado kazini anaingia, hata kama kilichomuua ni homa ya matumbo kambini mwaka 1946. Watu wengi hujiondoa wenyewe kwa kudhani lazima iwe risasi.

Barua iwe ukurasa mmoja. Jina na sura zake, jina la baba, kijiji, kikosi, namba kama ipo, mara ya mwisho kuonekana, na nani anasema hivyo. Taja kila nakala uliyoambatanisha. Maneno ya bibi yaandikwe kama alivyoyasema, blangeti na yote, na umri wake. Ikiwezekana ayaapie kwa wakili. Usiongeze chumvi: ukisema alikufa vitani nawe hujui, kosa hilo moja litachafua na yale uliyo na hakika nayo.

Umefaulu hatua hii ukipata namba ya kumbukumbu ya ombi lako. Iandike kwenye jalada la daftari. Usipopata neno baada ya miezi mitatu, andika tena ukiitaja namba hiyo, usianze upya.

## Jina likipatikana

Pakua cheti cha ukumbusho kutoka kwenye tovuti, ni bure. Chukua namba ya kaburi, au ya nguzo kama hana kaburi, maana atakayesafiri siku moja ataihitaji. Chapisha nakala tatu: moja kwa mzee aliyekupa habari, moja kwa upande wa pili wa ukoo hata kama hamsemezani, moja kwenye bahasha ya karatasi.

Ukifika kwa mzee, msomee jina kama karani alivyoliandika. Yule bibi wa Kibokoni alilicheka kwanza. Kisha akauliza tarehe, akataka niigeuze kwa mwezi wa Kiislamu ili ajue hitima asome lini, na kikokotoo cha simu yangu kilitofautiana kwa siku moja na mwalimu wa madrasa. Walisoma siku zote mbili.